Spika ya Kushoto

Sebuleni kwao kulikuwa na makochi, stuli na viti vya meza ya chakula, lakini mtu akisema "kiti" kila mmoja alijua anasema kipi. Kilikuwa cha mbao nyeusi, chenye mto wa ngozi uliobonyea katikati, na miguu yake ilikanyaga vichwa vya misumari ya shaba iliyozamishwa sakafuni. Misumari hiyo haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya kazini, ile ambayo wapima ardhi huipigilia kwenye lami na kwenye kingo za madaraja ili wakirudi mwaka mwingine waikute alama yao palepale walipoiacha. Mwenye nyumba alikuwa mpima ardhi, na sebule yake aliipima kama alivyopima viwanja vya watu.

Kutoka kitini hadi spika ya kulia, kutoka ya kulia hadi ya kushoto, na kutoka ya kushoto kurudi kitini, umbali ulikuwa mmoja. Aliupima kwa utepe wa chuma asubuhi ya baridi, akaupima tena mchana wa jua kali, kwa kuwa chuma hutanuka. Hiyo pembetatu, alisema, ndiyo stirio. Mengine ni mbwembwe. Ukikaa kwenye ncha yake, bendi nzima inajipanga mbele yako, huyu huku na yule kule, na katikati, mahali ambapo hakuna kitu ila ukuta mtupu, unamkuta mtu amesimama anapiga tarumbeta. Ukisogea kando kidogo, wote wanakimbilia spika iliyo karibu nawe kama kuku walioonyeshwa mtama.

Mke wake, aliyeshona mapazia na ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, hakuwahi kumwona huyo mtu wa tarumbeta. Hakuwahi kukaa kitini. Si kwamba alikatazwa. Waliokatazwa walikuwa watoto, nao walishakua wakaenda kuweka viti vyao kwingine. Yeye alikionea kinyaa tu. Lile bonde la ngozi lilikuwa na umbo la makalio ya mtu mmoja, sehemu ya kichwa ilikuwa na doa la mafuta ya nywele lililokolea mwaka hadi mwaka, na kila alipofagia ilimbidi akirudishe kiti juu ya misumari huku mumewe amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, akisema, "Bado. Bado. Hapo." Alikifuta haraka, kwa ncha za vidole, kama mtu anayefuta tapishi la mtoto wa jirani.

Nafasi yake yeye ilikuwa kona ya kushoto. Soketi pekee iliyostahimili pasi ya mvuke ilikuwa pale, karibu na spika, na meza ya pasi ilisimama hapo tangu walipohamia. Jumapili mchana alinyoosha mapazia ya kupelekwa kwa wateja Jumatatu. Pazia halinyooshwi kama shati. Unalilaza, unalivuta kwa mkono mmoja na kusukuma pasi kwa mwingine, na lililonyooka unaliachia lianguke upande wa pili taratibu lisijikunje. Kazi hiyo huchukua mchana mzima. Ndiyo maana muziki wote wa ndoa yake aliusikia akiwa amesimama, ubavuni mwa spika moja.

Na santuri za mumewe zilikuwa za zamani, za enzi ambazo mafundi wa studio walipopewa njia mbili za sauti walizitumia kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu: wewe huku, mimi kule, na mpaka katikati. Magitaa makubwa na waimbaji wa kiume waliangukia kulia. Kushoto palibaki gitaa la pili, kayamba, na wanawake wa kuitikia. Mama Mapazia alijua gitaa la pili la nyimbo zote. Gitaa la kwanza alilisikia kwa mbali tu, kama ugomvi wa majirani.

Ulikuwepo wimbo mmoja ambao mumewe hakuuruka Jumapili yoyote. Yeye aliuita wimbo wa mwanamume anayembembeleza mkewe arudi. Mama Mapazia hakumjua mwanamume huyo. Kwake ulikuwa wimbo wa mwanamke anayefunga mzigo na kuvitaja anavyoviacha, kimoja kimoja, bila haraka: sufuria, kioo, kitanda, mlango. Hakulalamika, mwanamke yule. Alihesabu tu, na kila kitu alichokitaja kilisikika kama kimewekwa chini. Mama Mapazia alivuta pumzi pamoja naye. Pasi yake ilifika mwisho wa kitambaa mwanamke akifika mlangoni, na kwa miaka mingi hicho ndicho kitu pekee katika mtambo ule wote alichokihesabu kuwa chake.

Mengine yalimtia kinyaa. Macho yaliyofumbwa yalimtia kinyaa, na kidole kilichochezeshwa hewani kuongoza bendi ya watu ambao pengine wengi wao walishakufa. Kulikuwa na kitambaa cha mahameli alichomshonea mwenyewe cha kufutia santuri, na mume huyohuyo akimaliza chai alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Lakini lililozidi yote ni hili la karibuni la kutojibu.

"Chai iko mezani," alikuwa akisema kutoka konani.

Kimya. Kidole kikaendelea kuelea.

"Baba watoto, nimesema chai."

Kimya. Akizunguka na kusimama mbele yake ndipo mzee alipofumbua macho kama mfalme aliyeamshwa na kusema, "Mbona hukuniambia?" Mwanzoni alirudia, kisha akaacha kurudia. Mtu akikuzoea hadi ukawa sawa na ukuta, alimwambia dada yake kwenye simu, usijichoshe kumgongea.

Mwaka ule wa kustaafu mzee alianza kuilalamikia stirio. Alisema imepwaya, imelala upande mmoja. "Sauti inalalia kulia," alisema, na akaanza kuutafuta ugonjwa. Alibadilisha sindano, akakaza waya, akapima pembetatu upya. Akasema ukuta wa kulia unarudisha mwangwi mno, na mkewe akatakiwa kushona pazia zito, la safu mbili, la kufunika ukuta usio na dirisha. Alilishona. Mteja angemwomba pazia la ukuta mtupu angemcheka. Huyu alikuwa mume, hakumcheka. Sauti ikaendelea kulalia kulia.

Jambo moja hakulijaribu, nalo lilikuwa la ajabu kwa mtu wa kazi yake. Mpima ardhi haamini pembe aliyoisoma mara moja. Akishasoma, hukigeuza chombo chake upande wa pili na kuisoma pembe ileile tena, ili kosa kama ni la chombo lijitaje lenyewe. Alikuwa ameifanya dini. "Geuza, soma tena," aliwaambia watoto wakifanya hesabu, na mkewe akipima dirisha la mteja. Stirio hakuigeuza. Kuhamisha waya za nyuma ya amplifaya, za kulia ziende kushoto na za kushoto ziende kulia, ni kazi ya muda wa kupiga mwayo. Hakuigusa.

Badala yake alimwita mdogo wake.

Huyo mdogo alikuwa na duka la mitambo ya sauti na picha, na kwa mwili na kwa biashara aliitwa Bwana Besi. Aliingia na mafuta ya chipsi vidoleni, akazunguka sebule, akazigonga zile spika mbili kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Kaka, pole," alisema. "Hii stirio ni kusikiliza muziki ukiwa dirishani. Unachungulia. Siku hizi watu hawachungulii, wanaingia ndani. Spika mbele, spika kando, spika nyuma, spika darini. Sauti inakuzunguka. Inakuzamisha."

"Anayezama hufa, shemeji," alisema Mama Mapazia kutoka konani.

"Ah, shemeji naye. Nakuletea maendeleo."

"Na hilo dirisha unalolidharau ndilo lililowasomesha watoto wa kaka yako."

Bwana Besi akacheka hadi tumbo likatikisika. Mzee hakucheka. Alikuwa amemgeukia mdogo wake, kichwa kimeinama kidogo, anasikiliza kwa namna ambayo mkewe alikuwa hajaiona kwa muda mrefu, na ambayo ilimchukiza, kwa kuwa haikuelekezwa kwake.

Wakakubaliana. Mtambo mpya ungefungwa wiki ile. Spika mbili za zamani zingeondoka Jumamosi, sehemu ya makubaliano, kwa mteja wa Bwana Besi mwenye baa. Mteja huyo hakutaka sauti. Alitaka maboksi. Mbao ile haipatikani siku hizi, alieleza Bwana Besi. Wataichomoa minofu ya ndani, watatia rafu, na kila moja itakuwa kabati la chupa.

"Na meza yangu ya pasi?" akauliza Mama Mapazia.

"Hapo kwako ndipo patakaa boksi la besi, shemeji. Linataka kona. Na linataka hiyo soketi."

Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama picha kwenye kijitabu cha maelezo.

Kufunga mtambo kulichukua siku mbili na kuliacha uchafu wa miezi miwili. Bwana Besi alipanda ngazi na drili, akatoboa dari ya jipsamu, na unga mweupe ukashuka kama chawa wa kuku juu ya kila kitu, pamoja na lesi ya bibi harusi mmoja iliyokuwa imetandazwa tayari kunyooshwa. Alitoboa akitafuta mbao ya kushikia, akaikosa, akatoboa kando. Alishuka kula, akapanda na vidole vilevile, na alipotaka kushikilia kitu asianguke alishika pazia la safu mbili. Alama za vidole vyake zilibaki pale, tano, zimenyooka, kama za mtu aliyekuwa anatoroka. Waya zilining'inia kutoka kwenye matundu kama utumbo wa samaki unaosubiri paka. Mama Mapazia alifagia, akafagia tena, na usiku alipolala aliusikia unga ule kati ya meno yake.

Alhamisi jioni mzee aliwaita wenzake wawili wa zamani wa ofisini, mchora ramani na dereva wao wa safari za porini, waje kushuhudia. Wakaketi. Bwana Besi akazima taa, akaweka diski ya majaribio.

Kwanza ilinyesha mvua. Ilinyesha kweli, kutoka darini hadi mabegani, na hapo lazima isemwe haki: Mama Mapazia mwenyewe, aliyesimama mlangoni kwa kuwa hakuwa na kona tena, alitazama juu. Kisha akajichukia kwa kutazama. Mvua ndani ya nyumba alihangaika nayo ujana wake wote, kwa ndoo na matambara, hadi wakapata paa lisilovuja. Sasa imerudishwa kwa makusudi. Baada ya mvua akaja nyuki. Alitoka kwenye televisheni, akapita juu ya kochi, akazunguka shingo ya dereva, na dereva akajizaba kofi.

"Umemuua?" akauliza mchora ramani.

"Nimejiua mimi," akasema dereva, akishika sikio.

Kisha mwanamke asiyemfahamu akamnong'oneza Mama Mapazia kisogoni. Hakusema la maana, alihesabu namba za spika kwa sauti ya kitandani, lakini alikuwa karibu kiasi kwamba mate yalisikika yakijibana na kuachana mdomoni mwake. Mama Mapazia akajipangusa shingo kwa kiganja. Akakinusa kiganja, bila kutaka.

"Kwa sinema," alisema mchora ramani polepole, mtu mwenye haki, "hii kitu ni balaa. Helikopta ikipita utalala chini. Ila muziki, bwana. Wewe ulishamwona mwanamuziki anapigia gitaa darini?"

"Weka ule wimbo wetu," mzee akamwambia mdogo wake.

Bwana Besi akaeleza kwamba rekodi ya zamani ya njia mbili si tatizo. Mtambo una akili, utaichukua na kuigawanya wenyewe kote chumbani. Ukaigawanya. Gitaa likaenda nyuma ya meza ya chakula. Ngoma ikanguruma konani, penye soketi, hadi vijiko kabatini vikajibu. Na mwanamke wa kufunga mzigo, ambaye Mama Mapazia alimjua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani, hakuonekana aliko. Sufuria aliitaja kutoka juu. Kioo akakitaja kutoka kwenye korido. Pumzi zake zilikuwa nyuma ya kochi, na sauti zake za ncha ya ulimi, zile za "s" na "z", zilichirizika mahali fulani karibu na friji. Alikuwa amekatwakatwa akatupwa kila pembe ya nyumba, na bado anaimba. Mama Mapazia akashika kitasa cha mlango.

Lakini alikuwa akimtazama mumewe, na alichokiona kilimzuia kutoka nje.

Mzee alikuwa amekitoa kiti kwenye misumari. Hakuna aliyemwambia, alikiburuta mwenyewe, akakigeuza ubavu, uso kuelekea dirishani, sikio la kulia limeelekezwa kwenye televisheni. Alikuwa anatabasamu. "Nasikia," alisema, si kwa mtu yeyote. "Sasa nasikia yote."

Dereva, aliyekuwa kushoto kwake, akamwambia, "Hongera, bosi."

Mzee hakugeuka.

"Bosi, nasema hongera."

Hakugeuka. Dereva akamtazama mchora ramani, akainua mabega, akanywa chai yake. Ikawa kwamba si mke tu aliyekuwa ukuta.

Kesho yake Mama Mapazia alimtazama mumewe, kwa jicho la mtu anayetazama dirisha lisilo sawa na kutafuta ni upande gani uliopinda. Simu ilipolia mzee aliiweka sikio la kulia, na alipotaka kuandika kitu hakuihamishia kushoto. Alimwambia mtu asubiri, akaiweka simu mezani, akaandika, akaichukua tena. Mezani alikalia ncha ya kushoto, ambayo miaka yote ilikuwa ya mkewe; mkewe alijaribu kukumbuka walibadilishana lini, akashindwa. Usiku alilalia ubavu wa kulia, na mlio wa simu ya kumwamsha ukalia na kulia kando ya kichwa chake hadi mkewe akauzima. Sikio halipiti kichwa, waliambiwa wakiwa wadogo wakijifanya wajuaji. Kumbe linaweza kukaa hapohapo kichwani na lisiwepo.

Huruma ndiyo iliyotarajiwa. Kilichokuja kilikuwa kinyaa kilekile, ila sasa kimepata mizizi. Mtu huyu alikuwa ametoboa dari, amekubali maboksi yageuzwe makabati ya pombe, amemnyang'anya kona yake na soketi yake, ameileta mvua na nyuki na mwanamke wa mate ndani ya nyumba, kuliko kufungua mdomo na kusema sentensi moja.

Jumamosi asubuhi spika mbili zilikuwa barazani, zimefungwa kwa mapazia makuukuu, zinamsubiri Bwana Besi. Mama Mapazia alizifungua.

"Zirudishe ndani," alisema, akisimama mbele ya mumewe ili asikike.

"Mdogo wangu yuko njiani."

"Ndiyo maana nasema sasa. Nataka kusikiliza ule wimbo mara moja. Nikiwa nimekaa kitini."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeombwa funguo za ofisi na mfagiaji. Lakini alizibeba. Alisukuma boksi la besi kando, akaunganisha waya, akarudisha miguu ya kiti juu ya misumari, na mkewe akakalia lile bonde la ngozi. Lilikuwa na joto, kama kiti cha choo alichotoka mtu. Akaweka mikono mapajani.

Wimbo ukaanza, na kwa mara ya kwanza akaukuta mzima. Bendi ilikuwa pale mbele, kila mtu mahali pake, hakuna aliyemshika shingo. Mwanamke alikuwa kushoto, akifunga mzigo. Na kulia, wazi, karibu, bila ukuta wa kumficha, alikuwepo huyo mwanamume. Analia. Anasema atajiua, kisha anasema nani atampikia. Anamkumbusha mwanamke gauni alilomnunulia. Mwanamke anataja kioo, yeye anaingilia kati. Anataja kitanda, yeye anapandisha sauti.

Ulipokwisha Mama Mapazia akamgeukia mumewe.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Miaka yote hii unafumba macho kwa ajili ya huyu?"

"Anaumia yule," mzee akasema.

"Anajilamba vidonda. Hata hamsikilizi mwenzake." Akanyanyuka. "Haya, kaa wewe."

Mzee akakaa. Mkewe akaenda nyuma ya amplifaya, akaushika waya wa kwanza.

"Usiguse hapo," mzee akasema.

"Geuza, soma tena."

"Mama watoto, nimesema usiguse."

"Wewe si ndiye uliyetufundisha?"

Mzee aliangalia misumari ya sakafuni wakati mkewe akivuta waya na kuupachika, akivuta na kupachika, kwa vidole vilivyozoea ndoano za pazia. Kisha akarudisha sindano mwanzo.

Wimbo uleule ukaanza, umegeuzwa kama nguo. Mwanamke sasa alikuwa kulia, upande wa sikio lililobaki, na mwanamume alikuwa amefukuziwa kushoto. Kama kosa lingekuwa la stirio, sauti sasa ingelalia kushoto. Haikulalia kushoto; bado ililalia kulia. Mzee alikaa wima, mikono juu ya magoti, hana cha kuongoza hewani. Mwanamke akataja sufuria, akataja kioo, akataja kitanda. Alipofika mlangoni mzee akainua mkono, si wa bendi, wa kuomba asubiriwe.

"Anataja vitu," alisema.

"Anataja vitu."

"Mimi huyu, hata zamani, nimekuwa namsikia kama yuko chumba cha pili. Siku zote alikuwa anataja vitu?"

"Siku zote."

Santuri ikaendelea kuzunguka, inakwaruza mwishoni. Hakuna aliyeiondoa.

"Hilo sikio, tangu lini?" mkewe akauliza.

"Mwaka wa mwisho wa kazi. Tulikuwa tunapima barabara. Lori likanipita kushoto, nikaliona limeshapita. Sikulisikia likija. Yule dereva alinivuta shati. Nilimwambia nilikuwa nawaza." Akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ukisema hilo kazini hupewi tena barabara. Ukisema nyumbani, unaanza kupigiwa kelele kama mzee."

"Na mimi niliyekuwa naongea na wewe kutoka pale konani?"

"Nilikuwa nasikia mvuke wa pasi tu. Nikadhani umenyamaza." Alisita. "Nikadhani umenichoka."

"Nilikuwa nimekuchoka."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo kinacholingana na chake.

Bwana Besi alipiga hodi akiwa ameshaingia. Akaziona spika mbili ndani, boksi lake la besi limesukumwa ukutani kama mgeni aliyekalishwa karibu na viatu.

"Shemeji, mzigo wangu uko wapi? Mteja ananisubiri."

"Mzigo umekaa."

"Kaka?"

"Muulize shemeji yako," mzee akasema.

"Mteja anataka maboksi, shemeji. Nitamwambia nini?"

"Mpelekee hilo la kwako. Kubwa, zuri, litabeba chupa nyingi kuliko haya. Na ukimaliza panda ngazi uzitoe zile za darini." Akamkabidhi ufagio. "Leo utafagia mwenyewe. Na vidole uoshe kwanza."

Bwana Besi alizitoa, akilalamika kwamba watu wa kale hawasaidiki. Matundu yalibaki. Mzee alisema atayaziba kwa plasta. Hadi leo hajayaziba, na unga hushuka kila mlango unapobamizwa. Daktari wa masikio alimchungulia, akampigia vyuma vinavyovuma kando ya kichwa, akasema kilichokufa ni mshipa wa ndani na hakina dawa. Mzee alimshukuru kwa heshima nyingi, kisha akaomba amwambie tena kutoka upande wa pili.

Waya zilibaki zimegeuzwa. Hapo likazuka jambo ambalo Mama Mapazia hakulifikiria. Jumapili iliyofuata aliirudisha meza ya pasi konani, akatandaza kitambaa, na badala ya mwanamke wake akatoka mwanamume, pale ubavuni, na gauni lake na kilio chake. Alimvumilia hadi ubeti wa pili. Alipofika kwenye nani atampikia, aliizima pasi, akaibeba meza yote mgongoni, akavuka nayo sebule mbele ya kiti, na kuiweka kona ya kulia. Waya wa kurefushia umeme, ambao mzee alikuwa ameupiga marufuku sebuleni kwa kuwa huleta mvumo kwenye spika, ukapita katikati ya pembetatu, juu ya misumari. Mzee aliuangalia. Kisha akafumba macho.

Hivyo Jumapili sasa yeye husimama kulia, pamoja na mwanamke wa mzigo, upande ambao mumewe anasikia. Doa la mafuta lipo palepale kitini, na kidole hakijaacha kuelea. Mvumo upo pia, mdogo, na mzee hushtuka kila anapoutambua, jambo ambalo mkewe haliombei radhi.

Jumapili ile ya kwanza, pasi ilipofika mwisho wa kitambaa, Mama Mapazia alisema kwa sauti yake ya kawaida, bila kugeuka:

"Chai iko mezani."

"Nimesikia," mzee akajibu papo hapo. "Nakuja."

Hakuja. Alikaa palepale, macho amefumba, hadi upande mzima wa santuri ukaisha na chai ikafanya utando juu. Mama Mapazia aliutazama ule utando, kisha akamtazama yeye. Sasa hakuwa na kisingizio cha kumtafutia. Mtu alikuwa amesikia.